Farasi Aliyepata Tatu

Maalim Thabit aliikimbia Unguja na sanduku moja la bati, na ndani yake, badala ya nguo, alijaza vitabu vya picha vya makauboi. Kule alikuwa akisomesha kuchora. Hapa Matrah, Omani, hakupewa darasa, basi kila Ijumaa baada ya sala akiwasahihisha Wamarekani waliovichora vitabu vile. Penseli nyekundu mkononi, kahawa pembeni, anawagawia alama barazani: huyu nne kwa kumi, hana kivuli, huyu sita, kofia imemzidi kichwa. Wamarekani wenyewe, masikini, hawakuwa na habari kwamba wamefeli.

Mkewe, Nasriya, alikaa nyuma ya pazia akishona kofia. Mchwa walikuwa wamekula ukurasa mzima wa kitabu kimoja, naye wiki ile aliuchora upya kwa wino, akaubandika kimya kimya. Alitaka jambo moja tu: mumewe ausifu mkono wake kabla ya kujua ni wa nani. Akishajua angesema yale ya siku zote, kwamba mwanamke anajua sindano, penseli haijui.

Thabit akafika ukurasa ule. "Tatu," alisema. "Farasi gani huyu, anakimbia kakunja miguu yote minne chini ya tumbo? Kakaa mkekani?"

Nasriya alijichoma sindano. Miguu ile aliiona kwa macho yake Idi iliyopita, kwenye mbio za farasi Bawshar, wakati mumewe kawapa farasi mgongo, anawaeleza watu jinsi farasi anavyokimbia.

Mgeni wa siku ile, Marhoon, mfuga farasi wa Bawshar, alikichukua kitabu. "Wallahi, Maalim, kitabu kizima farasi wa kweli ni huyu peke yake. Na huu ni wino wa mkono. Nani kachora?"

Thabit akautazama ukurasa. Akaijua karatasi ya daftari lake, akaujua na mkono wa mkewe. Nyuma ya pazia Nasriya alitega sikio.

"Miye," alisema Thabit.

"Ukajipa tatu?"

"Mtu asijipendelee."

Baraza zima likamsifu kwa unyenyekevu. Nasriya aliitupa kofia chini.

"Basi kesho alfajiri ntakuletea punda umpande uje kwangu," alisema Marhoon. "Nna farasi jike wangu, nataka umchore akikimbia, mbele yangu."

Kahawa ilimpalia Thabit. Kabla hajapata udhuru, mkono ulitokeza nyuma ya pazia na penseli nyeusi, imechongwa vizuri.

"Chukua, Maalim," alisema Nasriya, wote wakasikia. "Ile nyekundu niachie miye. Ukirudi ntakusahihisha."