Mawe Matano na Kontena Moja

Mimi ni mtu wa haraka, na katika kontena lile nilikuwa wa tano. Nalitaja hili mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba nasimulia kwa moyo mweupe.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na watu ambao juzi tu walikuwa wakipigana vikumbo kwenye duka la kaya kwa ajili ya kipande cha sabuni, sasa waliitaja Dubai kama vile iko nyuma ya Soko Kuu. Nilikuwa mama mwenye meza pale sokoni, nauza vyombo. Nilitaka chupa za chai kutoka Hong Kong, kwa sababu msimu wa kipaimara ulikuwa unakuja, na Mchaga haendi kwenye kipaimara mikono mitupu. Lakini chupa za chai, hata uagize kwa wazimu, hazijazi kontena.

Aikande ndiye aliyepata dawa. Aikande ni mwanamke wa Machame mwenye mambo mengi: uwanja wa kushushia mizigo Daraja Mbili, nyumba Elerai, na ndani ya nyumba hiyo simu inayofanya kazi. Alisema kila mtu aagize bidhaa zake anakojua yeye, zote zipelekwe Dubai kwenye ghala la Rohit, mpwa wa Navin muuza vitambaa, na Rohit azipakie kwenye kontena moja.

"Mizigo itakutana kule kama ndugu kwenye msiba," alisema. "Halafu inakuja nyumbani pamoja."

Akatuita twende kujiandikisha Jumamosi asubuhi. Nilifika mapema, nikijua nitakuwa wa kwanza. Kwenye kibaraza nilikuta mawe manne yamepangwa mstari.

Aliyeishi miaka ile ya uhaba haulizi maana ya jiwe. Ulikuwa unaliweka kwenye foleni, unakwenda kuchota maji au kunyonyesha mtoto, na ukirudi nafasi yako ipo. Jiwe lilikuwa mtu. Watu walioiba mbuzi wa watu hawakuthubutu kusogeza jiwe la mtu. Nikatafuta langu huko barabarani, nikaliweka la mwisho, nikaingia ndani nimenuna.

Jiwe la kwanza lilikuwa la Mzee Elihuruma, mzee wa kanisa kule Akheri. Alikuwa amekuja nalo kutoka Akheri, kana kwamba Elerai hakuna mawe. La pili la Abdiel, ambaye alitaka matairi. La tatu la Navin mwenyewe, na vitambaa vyake vya Karachi. La nne la Aikande na majokofu. Aikande alipanga foleni nyumbani kwake mwenyewe, na akawa wa nne. Hapo ndipo ujue tulikuwa watu wa namna gani.

Mzee Elihuruma alitaka kengele. Usharika wao ulikuwa ukiitwa ibadani kwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na mpigaji alikuwa yeye tangu ujana wake. Siku za kazi alisaga mahindi kwenye mashine ya dizeli, Jumapili akagonga rimu, na kati ya mashine na rimu masikio yakachoka. Daktari alikuwa amemwambia yanafunga na hayatafunguka tena. Siku hizo akishagonga humgeukia mke wake na kumwuliza, "Imelia?" Mke humwitikia kwa kichwa. Majirani walisema hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu alikuwa akigonga kwa nguvu za kuamsha watu mpaka Moshi.

"Nataka niisikie mara moja tu," alituambia. "Kengele yenyewe, siyo rimu. Halafu yakitaka kufunga, yafunge."

Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, na sisi tulizaliwa tukakuta kengele, kwa hiyo nilijisikia vibaya kidogo. Navin alisema kengele nzuri na ya bei ya kawaida inatoka India.

"Kule hekaluni kwetu tunagonga kila siku, Mzee, siyo Jumapili tu," alisema.

Kamati ya usharika ilikaa, ikajadili, ikakubali, kwa sharti kwamba kengele isiwe na picha ya mungu yeyote. Navin akawajibu wasiwe na wasiwasi, picha inalipiwa zaidi.

Kisha siku moja Rohit akapiga simu. Tulikuwa wote kwa Aikande, tumeizunguka ile simu. Rohit aliuliza apakie kwa utaratibu gani, nani atangulie.

"Kwa foleni," Aikande akasema. "Aliyetangulia atangulie."

Rohit akauliza kama tuna uhakika. Abdiel akamnyang'anya Aikande mkono wa simu. Abdiel alikuwa mtu mwembamba mwenye kinyongo kirefu. Mama yake aliwahi kukosa sukari kwa sababu mtu mmoja alipitishwa mbele, na familia ilikuwa bado inalizungumzia.

"Kijana," akasema, "usituletee ya Dubai. Namba moja anaingia wa kwanza, namba mbili anafuata, mpaka mwisho. Hakuna wa kupenyezwa."

Rohit akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye malipo yake hayabadiliki.

Navin alijua tulikuwa tunajiagizia nini. Mtu ambaye babu yake alikuwa akipokea mizigo tangu enzi za Mjerumani hawezi kukosa kujua. Lakini Navin alikuwa wa tatu kati ya watano, na wa tatu ukimhesabu kutoka mbele au kutoka nyuma ni yuleyule. Alikunywa chai yake.

Mzigo wa pamoja una tabia moja: humsubiri anayechelewa. Kengele ilifika Dubai mapema, ikakaa ghalani ikisubiri matairi. Matairi yakasubiri vitambaa. Vitambaa vilichelewa Karachi kwa sababu ambazo Navin alizieleza kwa kirefu na hakuna aliyezielewa. Chupa zangu za chai zilikuja za mwisho, na kwa hilo nililaumiwa kama vile Hong Kong ni kwa shangazi yangu. Muda wote huo Mzee Elihuruma alikuwa akishuka kutoka Akheri kuuliza. Mwanzoni ulikuwa ukimjibu upande wa sikio la kushoto. Baadaye ukawa unapaza sauti. Kontena lilipotoka bandarini alikuwa akituangalia midomo tu, akitabasamu, na ungeweza kumwambia lolote. Kipaimara kilikuwa kimeshapita. Watoto walipewa ndoo.

Lori lilifika Daraja Mbili siku ya Alhamisi. Tulikuwepo wote isipokuwa Mzee Elihuruma, ambaye alikuwa hajapata habari. Aikande alikuwa ametunza yale mawe matano. Aliyapanga chini, mstari, mbele ya kontena, kwa heshima kabisa. Kisha dereva akafungua milango.

Mlangoni palikuwa na chupa zangu za chai.

Nakiri nilicheka. Miezi yote ile nilikuwa mkia, na sasa maboksi yangu yalikuwa yananitazama usoni. Nyuma yake ukaonekana ukingo wa jokofu. Nyuma ya majokofu, vitambaa. Nyuma ya vitambaa, giza la matairi. Na nyuma kabisa, bila kuonekana, imegusana na ukuta wa mwisho, kengele ya namba moja.

Nikanyoosha mkono nichukue boksi. Abdiel akasimama mbele yangu.

"Wewe namba ngapi?" akaniuliza.

"Abdiel, maboksi yako mlangoni."

"Nimekuuliza namba."

Nikamwambia namba. Akanionyesha mawe. Nikamwambia maneno ambayo sikuyaungama mpaka Pasaka. Aikande akaamua kwamba sheria ni sheria: wa kwanza kuchukua ni namba moja. Nikamwuliza namba moja atatokaje wakati sote wanne tumemkalia mlangoni. Akasema hilo ni jambo la kujadiliwa.

Tukajadili. Abdiel alishauri tukate ukuta wa nyuma kwa gesi. Aikande akamkumbusha kwamba kontena ni la watu, linarudi Dar na lori. Abdiel akashauri basi lori ligeuzwe. Dereva, ambaye alikuwa amechoka na maisha, akaligeuza. Mlango ukaja upande wa pili, tukahamisha mawe, na mizigo ikabaki kama ilivyokuwa. Abdiel akanitazama kama vile ni mimi niliyeloga. Navin aliagiza chai.

Mwisho nikasema mimi. Nikasema hata kwenye duka la kaya mtu aliweza kumpisha mwenzake kwa hiari, ilimradi amtamkie kwa mdomo wake mwenyewe. Basi aletwe Mzee, aseme tupite. Hata Abdiel akakubali. Navin akatoa pikapu yake, ikapanda Akheri.

Ilirudi na Mzee Elihuruma amevaa suti ya ibada na kofia, pamoja na mwanawe Elinaza, fundi wa magari. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba kwa kuona vichwa vyetu vimeinama. Aikande akamwendea sikioni, akamweleza kwa sauti iliyosimamisha mikokoteni barabarani: tunaomba utupishe. Mzee akatabasamu.

"Kengele iko wapi?" akauliza.

Aikande akarudia. Mzee akauliza tena, kwa upole uleule, kengele iko wapi. Elinaza akamshika mkono, akamzungusha ubavuni mpaka mwisho wa kontena, akamwonyesha kwa kidole: humu. Mzee akaweka kiganja kwenye bati, kama mtu anavyompapasa ng'ombe aliyemnunua.

Akatutazama. Hakuwa na hasira. Nilimwona anatazama ule ukuta wa chuma kama mtu aliyefika stendi akakuta basi limeondoka. Alikuwa ametaka jambo moja. Tulikuwa tumempa nafasi ya kwanza, na kwa nafasi hiyo tukamnyima.

"Elinaza," nikasema, "panda juu ya maboksi yangu."

"Yatabonyea, mama."

"Yabonyee."

Elinaza akachukua spana ya tairi kwa dereva, akapanda. Alitambaa kwa tumbo juu ya chupa zangu, na nikasikia kadhaa zikipasuka ndani ya maboksi. Akapita juu ya majokofu, juu ya vitambaa, akazama kwenye matairi. Tukamsikia anakohoa, kisha akapaza sauti kwamba ameiona: imefungwa kwenye boriti, ndani ya fremu ya mbao iliyobanwa kati ya kuta. Kisha tukasikia mbao zinang'olewa. Kisha akagonga.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kengele kanisani hulia hewani ikaenda zake. Hii ilikuwa imefungiwa, na kontena zima likaipokea. Milango ilitetemeka. Meno yaliniuma. Navin alimwaga chai. Sote tuliziba masikio, isipokuwa mmoja.

Mzee Elihuruma alikuwa bado ameweka kiganja kwenye bati. Aliutazama mkono wake kama vile si wake. Elinaza akagonga tena. Mzee akavua kofia, akaweka na mkono wa pili. Ya tatu, akaegemeza paji la uso kwenye chuma, akafumba macho, na akakaa hivyo mpaka mtetemo ulipoisha wenyewe.

"Imelia," akasema.

Hakumwuliza mtu. Nililia pale, mbele ya Abdiel, na mimi silii ovyo.

Alipogeuka aliyaona mawe. Nadhani hapo ndipo alipoelewa tulichokuwa tukimpigia kelele. Akainama, akaokota lake la Akheri, akalipeleka mpaka mwisho wa mstari, nyuma ya langu, akaliweka chini taratibu. Kisha akamtazama Aikande.

"Hili sanduku," akauliza, "linakuja na kengele?"

Aikande akatikisa kichwa, akaonyesha lori na barabara ya Moshi. Linarudi Dar. Mzee akafikiri. Akarudisha kiganja chake kwenye bati.

"Basi msishushe haraka," akasema.

Elinaza akagonga tena kule ndani. Abdiel ndiye aliyekuwa wa kwanza sasa, kwa haki na kwa jiwe, ingawa maboksi yaliyokuwa mlangoni ni yangu. Nikamgeukia Abdiel.

"Tangulia wewe," nikamwambia.

Abdiel akavuta jiwe lake, akalikalia.

"Hapana, mama," akasema. "Sina haraka."