Kitanda Kilichotandikwa na Mgeni

Tangu afunge kamba za viatu na kuanza kupanda, alikuwa anageuka nyuma. Anapanda kidogo, anageuka. Anateremka, anageuka. Vilima vyenyewe havikuwa vya kumtoa mtu roho. Vilikuwa vya upole, vimejilaza kama migongo ya ng'ombe walioshiba, na njia ilipita juu yao bila haraka, ikashuka kwenye vijito, ikapanda tena penye mashamba. Mtu mwingine angetazama mbele afaidi. Yeye shingo ilimuuma kwa kutazama alikotoka.

Kazini walimwita Nyoosha. Alikuwa mtandika vitanda katika hoteli ya mjini, ghorofa ya pili yote iko mikononi mwake, na hakuna aliyejua kunyoosha shuka kama yeye. Kona alizikunja mara mbili, kisha ncha akaichomeka ndani kwa kidole gumba, kama mwanamke anayefunga khanga kifuani akijua ana safari ndefu. Wenzake walimtania: "Nyoosha, wageni wako wakitaka kulala inabidi wapige hodi kitandani."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Walikuwa wanajenga daraja huko mbali, na kazi ilimrudisha nyumbani kwa vipande vipande: siku chache, kisha miezi ya kimya, kisha siku chache tena. Likizo ya mwisho aliweka kikombe chake cha chai mezani, akaenda jikoni kufuata sukari. Aliporudi, kikombe kilikuwa kimeshaoshwa na kufunikwa.

"Mke wangu," akasema, "hata chai yangu hairuhusiwi kupoa humu ndani?"

Nyoosha akacheka. Mumewe hakucheka.

"Nikitoka tu mlangoni unabadilisha shuka. Mtu akiingia humu atadhani unaishi peke yako."

"Kwani siishi peke yangu? Wewe ni mgeni mwenye ufunguo."

Neno lilimtoka hivyo, akaliona linakwenda, asiweze kulirudisha. Mumewe alitazama sukari mkononi mwake kana kwamba hajui ilifikaje pale. Binti yao, mtoto wa chekechea, alikuwa sakafuni akiivisha soksi chupa tupu, naye akainua kichwa.

Safari hii ya vilima ilikuwa ahadi ya zamani, ya enzi za uchumba. Tutatembea kutoka nyumba ya wageni hadi nyumba ya wageni, alisema fundi wakati ule, na kila jioni wewe ndiye utakayetandikiwa. Baada ya lile neno la mgeni mwenye ufunguo, akapiga simu akapanga safari, hakusema kwa nini. Lakini siku ya kuondoka ilipofika, huko darajani wakamzuia. Akatuma ujumbe: *Tangulia. Nitakufuata nyuma nikukute njiani. Nikikuta hukwenda, sitauliza kitu. Nitakuwa nimejua.*

Nyoosha akajibu: *Na wewe usipokuja, sitauliza. Nitakuwa nimejua.*

Basi ndiyo maana alikuwa anageuka.

Utaratibu wa safari ile ulikuwa rahisi. Mchana unatembea na maji yako na kipande cha mkate. Begi kubwa unaliacha mlangoni asubuhi, dereva wa pikapu anazunguka nalo kwa barabara, jioni unalikuta linakungoja kwenye nyumba inayofuata. Begi la Nyoosha lilikuwa jekundu. Ndani yake kulikuwa na shati safi la mumewe, amelipiga pasi yeye mwenyewe.

Nyumba ya kwanza alipokelewa na bibi mmoja mwenye goti bovu, aliyepanda ngazi kwa awamu akimwonyesha chumba. Mito miwili. Taulo mbili. Vikombe viwili juu ya sinia.

"Mwenzako?"

"Yuko nyuma, bibi."

"Haya. Mimi alfajiri napelekwa kliniki kwa ajili ya hili goti. Ukiamka utamkuta mkwe wangu, atakupa chai."

Alikula peke yake akitazamana na kiti. Kiti kitupu nacho kina namna yake ya kumkodolea mtu macho. Akalala pembeni kabisa mwa kitanda, akaacha upande wa mumewe bila kuugusa, kama alivyozoea nyumbani.

Asubuhi mikono yake iliamka kabla yake. Kabla hajafikiri, shuka zilikuwa zimenyooka, kona zimechomekwa, mito imepigwa makofi mpaka ikasahau kichwa chake. Alifuta sinki, akakunja taulo pande tatu, akaosha vikombe vyote viwili, hata kile ambacho hakikuguswa. Akarudisha kiti chini ya meza, akatundika ufunguo kwenye msumari wake, akaacha begi nje mlangoni. Mkwe wa bibi alikuwa bado hajafika. Nyoosha akaondoka bila chai.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja mnene, mwenye kicheko kilichotangulia maneno. Mama huyu alikaa naye mezani, akammiminia supu, akamchungulia.

"Umepangiwa chumba cha wawili. Wa pili umemficha wapi?"

"Anakuja nyuma, mama."

"Wanaume! Wangu mimi alikuja nyuma hivyo hivyo mpaka siku ya harusi. Tulishaanza kumtafuta mwingine." Akacheka, kisha akaona mgeni wake anachezea kijiko. "Mmegombana?"

"Kidogo."

"Kidogo hicho ndicho kibaya. Kikubwa mtu anakiruka, kwa kuwa anakiona." Akamsogezea mkate. "Kesho ukitoka hapa njia ziko mbili. Ya juu inapita mgongoni mwa kilima, ina upepo lakini unaona mbali. Ya chini inafuata kijito, ina kivuli. Zote zinakufikisha."

"Nitapita ya juu."

"Ili uone nyuma," mama akasema, wala hakucheka.

Asubuhi alitandika tena. Alipokuwa anachomeka kona ya mwisho alisikia chumba cha pili mume na mke wakizozana kuhusu soksi: umeiweka wapi, wewe ndiye uliyeivua, mimi nitajuaje. Walizozana kwa raha, kama watu wanaokula karanga. Nyoosha akasimama pale mkono ukiwa chini ya godoro, akasikiliza mpaka soksi ikapatikana.

Juu ya kilima siku ile upepo ulimpeperushia kitambaa cha kichwa. Kuanzia nyumba ya kwanza simu yake ilikuwa haina kazi zaidi ya kutazamia saa, lakini pale juu ikatikisika mfukoni. Mtandao! Akampigia haraka mama mkwe, aliyebaki na mtoto. Mtoto akainyakua simu.

"Mama! Baba ameshakufikia?"

"Bado, mwanangu."

"Unatembea mbio?"

"Hapana. Kawaida tu."

"Sasa tembea polepole. Miguu ya baba ni mizito, ana yale mabuti."

Aliahidi kutembea polepole. Alipokata, jina la mumewe lilikuwa pale pale, chini ya jina la mkwewe. Kidole kikasimama juu yake. *Sitauliza*, walikubaliana. Kiburi ni kidogo sana kikiwa kidoleni, lakini kina uzito. Alipoamua kubonyeza, upepo ulikuwa umeshaondoka na mtandao wake. Akakaa juu ya jiwe kwa muda mrefu, akitazama njia yote aliyoipitia. Ilikuwa nyeupe, inaonekana mpaka mwisho, na haikuwa na mtu.

Nyumba ya tatu alipewa chumba na mzee asiyesema zaidi ya "karibu" na "maji ya moto yako kushoto". Usiku ule Nyoosha alitoa shati la mumewe kwenye begi, akalitazama lilivyonyooka, akalirudisha. Mtu anayetaka kuja angekuwa ameshakuja. Akaanza kupanga maneno atakayomwambia mtoto, akaona hana hata moja.

Asubuhi alikuwa bado yuko kitandani, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, aliposikia pikapu inazima uani. Alivaa akashuka kumwambia dereva kwamba begi halitaendelea mbele. Aliamua kurudi mjini.

Dereva alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu. Alimtazama, akatazama begi jekundu, akapiga paji lake la uso.

"Dada! Kumbe wewe ndiye uliyepotea?"

"Mimi? Nimepotelea wapi?"

"Mwenye begi jekundu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe. Jana nilipita nyumba ya kwanza, ile ya bibi wa goti. Kuna bwana alifika pale juzi anakuuliza. Mrefu, mikono ina makovu madogo madogo ya moto. Yule mkwe akamwambia mgeni wa chumba kile hakuja."

"Lakini nililala pale!"

"Mkwe anasema alipanda asubuhi kufanya usafi, akakuta kitanda hakijaguswa. Sinki kavu. Vikombe vimefunikwa. Akasema huyu hakufika. Na bibi aliyekupokea walimlaza huko kliniki, wa kumuuliza hakuna. Mimi jana nilipomwona, yule bwana alikuwa amekaa kizingitini, mabuti yamefungwa, begi miguuni. Nikamwuliza, kaka, unaelekea wapi? Akasema anangoja gari la kurudi." Dereva akajikuna chini ya kofia. "Mimi begi jekundu nililibeba kabla mkwe hajafika, lakini sikujua ndilo la mtu anayetafutwa. Hilo wazo limenijia usiku nimelala. Dada, kwani wewe unalalaje? Unaning'inia kama popo?"

Nyoosha hakuweza kucheka. Aliona kile chumba kama mumewe alivyokiona: mito isiyo na kichwa, taulo zisizo na mtu. Ameifanya kazi yake vizuri kuliko siku zote. Amejifuta mwenyewe.

"Nirudishe huko."

"Mimi nakwenda mbele, dada. Kurudi ni kesho."

"Basi natembea."

"Na begi?"

"Liache hapo lilipo!"

Alishaanza kukimbia. Shuka za chumba cha juu zilibaki zimejiviringa kama usingizi ulivyoziacha, mto mmoja sakafuni, sidiria juu ya kiti. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kukunja kona, alikuwa ameacha kitanda bila kukitandika, na hakulikumbuka hilo mpaka alipofika mgongoni mwa kilima, pumzi zinamwishia. Akaliondoa kichwani, akaendelea. Pale juu mtandao ulikuwepo. Alipiga. Sauti ya kike ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena na tena akiwa anatembea, mpaka sauti ile ikakatika pamoja na mtandao.

Gari limeshamchukua, aliwaza. Amepanda, ameketi dirishani, na amejua. Amejua kitu ambacho si kweli.

Jua lilikuwa la utosi alipoingia uani kwa yule mama mnene. Mama alikuwa anaanika mashuka. Alipomwona, pini za nguo zikamponyoka.

"Wewe! Umefuata nini huku?"

"Mama, mume wangu... kuna gari gani linalowahi... aliambiwa sikuja..."

"Mume wako amelala hapa jana."

Nyoosha akashika kamba ya nguo.

"Kaa chini kwanza. Alifika jioni, ana njaa kama mbwa mwitu. Akanihadithia yote, mpaka nikalia kwa kicheko. Anasema alikaa pale mlangoni kwa bibi anangoja gari, moyo haukubali. Akarudi juu, akamwomba mkwe amfungulie chumba. Akaenda kitandani, akanyanyua blanketi, akavuta shuka. Haikutoka! Akavuta tena. Ndipo akakaa chini kwenye sakafu. Akamwambia yule mkwe, nyumba yenu hii nani anajua kuchomeka kona namna hii? Mkwe akasema hakuna. Naye akasema, basi mke wangu amelala hapa."

Nyoosha alifunika uso kwa viganja. Mama akamwacha alie kidogo, akaokota pini zake.

"Sasa yuko wapi?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Ametoka asubuhi. Nimemwambia apite chini, kuna kivuli, maana visigino vimechubuka. Mmepishana, mwanangu. Wewe juu, yeye chini. Saa hizi yuko huko ulikotoka."

Nyoosha akasimama. Mama akamkalisha kwa mkono mmoja.

"Ukinyanyuka tena hapa mtapishana mpaka watoto wenu waoe. Huko umeacha nini?"

"Begi langu. Na kitanda..." Akasita. "Sikukitandika."

"Basi atakiona. Na yule mzee wa kule, pamoja na ububu wake, atamwambia umerudi nyuma. Mtu akiona kitanda kimeachwa vile na begi liko pale, hawezi kusema hukuwepo. Panda ukapumzike. Chumba bado hakijafanyiwa usafi."

Alipanda. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimevurugwa vibaya, shuka upande mmoja zimeburuta chini, na katikati ya godoro palikuwa na bonde la mtu mrefu anayelala kwa ubavu. Hakulala pembeni, alilala katikati kabisa. Mezani kulikuwa na kikombe, chai nusu, imepoa.

Mikono yake ikaenda yenyewe kwenye kona. Vidole vikashika shuka, vikaanza kukunja. Akavitazama kama vya mtu mwingine. Kisha akaviachisha.

Akavua viatu. Akajilaza palepale penye bonde, akajikunja lilivyojikunja, akavuta mto wenye harufu ya chuma na sabuni. Kutoka dirishani ulionekana kwa mbali mwisho wa njia ya chini, pale inapotoka penye miti. Hapakuwa na mtu. Lakini sasa hakuwa na haja ya kugeuza shingo. Njia ilikuwa mbele yake.

Jua lilipoanza kulegea, mama alipanda na shuka safi begani.

"Nipishe nikutandikie, mwanangu. Leo wewe ndiye mgeni."

"Acha tu, mama," Nyoosha akasema bila kuinuka. "Na hicho kikombe kiache. Mwenyewe anarudi."