Homa ya Mgombea

Kazi ya Mama Poda ilikuwa kuwapaka watu vipodozi usoni kabla hawajasimama mbele ya kamera. Jina hilo alipewa na wenzake wa kituo cha televisheni, na hata mkurugenzi alimwita hivyo hivyo. Chunusi za wakubwa na macho yaliyovimba kwa ulevi vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kusikia habari hizo mtaani. Usipojua kunyamaza, kazi ile huiwezi.

Jioni ile alikuwa na lake moyoni. Wagombea walialikwa kwenye mdahalo ambao maswali yake yalitumwa mtandaoni na wapiga kura, wakayapigia kura wenyewe. Lililoongoza lilikuwa la mdogo wake, fundi cherehani, aliyemzika mwanawe baada ya kugongwa na lori akivuka barabara kwenda shule. Aliuliza jambo moja tu: daraja la kuvukia mlilotuahidi litajengwa lini, maana mwanangu wa pili anaanza shule mwezi ujao?

Fundi mwenyewe aliona haya kuuliza. Mama Poda ndiye aliyemshikia bango mpaka akatuma. Alikuwa na imani na mgombea mmoja, yule aliyefika msibani, akakaa chini na wafiwa, akalia, akamshika mama mtu mkono na kuahidi daraja mbele ya umati. Tangu siku hiyo, kumsema vibaya mbele ya Mama Poda kulikuwa kutafuta ugomvi.

Sasa mgombea huyo huyo alikuwa kitini pake, karatasi laini imezungushwa shingoni kukinga kola. Alikuwa mchangamfu kweli, akimtania asimfanye mzuri kupita kiasi, mkewe yuko nyumbani anatazama. Mama Poda alijikusanya amwambie kwamba mwenye swali la kwanza ni mdogo wake, yumo ukumbini. Kabla hajafungua kinywa, msaidizi wa mgombea akaingia na simu, akaanza kusoma maswali, la kwanza likiwa la daraja.

"Huyu mama ni nani?" mgombea akauliza.

Msaidizi akamkumbusha: yule wa lori, picha zao wakiwa pamoja msibani zipo hadi kwenye mabango ya kampeni. Mgombea akasema misiba ni mingi, hawezi kuikumbuka yote. Akataka swali liondolewe. Akaambiwa haiwezekani, watu wameshalipitisha. Akajitazama kwenye kioo, kisha akamgeukia Mama Poda.

"Dada, unaweza kunipaka nionekane mgonjwa?"

Mama Poda alidhani ni utani, akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Msaidizi akaeleza kwamba watarekodi video fupi, kwamba Mheshimiwa ana homa tangu asubuhi na daktari amemkataza kusimama.

Alipigwa na butwaa. Na aibu ni kwamba alipaka. Kwa nini, hata yeye asingeweza kusema. Mikono ilizoea kutii, ikatii. Akaweka kijivu chini ya macho, akafifisha midomo kwa poda, akanyunyiza maji kwenye paji la uso, mpaka mtu mzima wa afya akaonekana wa kulazwa. Mgombea akamsifu. Akarekodiwa akikohoa, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, anatembea vizuri tu, bado ana karatasi shingoni.

Wagombea wengine walishatuma udhuru mapema. Mama Poda alipofika ukumbini, video ilikuwa inaisha kwenye skrini kubwa, mbele ya viti vitupu. Mtangazaji akampa fundi kipaza sauti, akamwambia aulize hivyo hivyo, nchi nzima inasikiliza.

Fundi akasimama, ndani ya gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, akakunja karatasi yenye swali lake.

"Mgonjwa haulizwi," akasema. "Yule alilia na mimi. Naomba tumwombee kwanza apone."

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Mama Poda akapita katikati ya watu, akakishika kipaza sauti.

"Msimwombee. Ile homa nimempaka mimi, sasa hivi. Uliza swali lako, mdogo wangu."

Fundi hakuikunjua karatasi. Alikuwa anaitazama mikono ya dada yake, yenye kijivu mpaka kwenye kucha.

"Ukakubali, dada?"