Mkono Uliopanda

Uongo wenyewe Nandutu aliutunga asubuhi moja akiwa na hasira, tena hasira za haki. Alitoka nyuma ya nyumba yao ya kambini, pale Jinja, akakuta mujaaja wake umenyofolewa hadi shina. Mujaaja ni majani ya harufu; yakitiwa kwenye chai, hata mwenye kisirani huomba kikombe cha pili. Kando yake mululuza, ule mti mchungu wa homa na tumbo, ulikuwa umekwanyuliwa matawi. Wake wa wanajeshi walipita wakajichumia kana kwamba bustani ni ya serikali, na shukrani hakuna. Nandutu alikuwa ameleta vipandikizi vile kutoka kwa mama yake, milimani juu ya Mbale, akavilea kama vifaranga. Basi akaenda kwenye bomba la maji, mahali ambapo neno likisemwa halihitaji redio, akatangaza:

"Hii majani ni ya mlima. Mkono yenye ilipanda ndiyo inachuma. Mkono ingine ikigusa, dawa inageuka."

Wangemcheka wakasahau, lakini siku hizo hizo Hajara, mke wa koplo mmoja, aliiba majani machache, akayachemsha, akatapika mpaka akashika ukuta. Kwamba kabla ya hapo alikuwa amekula samaki aliyelala, hilo Nandutu alilijua, maana harufu ya samaki yule ilifika kwa kila jirani. Akanyamaza. Kuogopwa kuna utamu wake, na yeye hakuwa amewahi kuuonja.

Tangu hapo hakuna aliyegusa. Walikuja mlangoni na sukari au sabuni, "Mama, nichumie kidogo," naye akachuma polepole, uso umekazwa, kama kasisi madhabahuni. Hata Gorreti, mke wa afande mkubwa, ambaye salamu zake zilikuwa adimu, alimleta mtoto wake Conrad mwenye upele mwili mzima. Nandutu akamwogesha kwa maji ya majani. Upele ukapungua, ukarudi, ukapungua tena, na kila asubuhi Gorreti akawa anatuma mtu kumwita.

Gaster, mume wa Nandutu, alikuwa sajini, na miaka hiyo jeshi lilikuwa likipunguzwa. Watu waliamka wanajeshi wakalala raia. Gaster aliamini kwamba maadamu mkewe anaingia nyumba ya afande, jina lake halitasomwa kwenye orodha ya wanaoachishwa. "Wewe ndiyo mkate yetu," alimwambia, na Nandutu, tuseme ukweli, alivimba kichwa.

Ndipo akaja Semei. Huyu alikuwa mchuuzi wa vitunguu, mtu wa kijijini kwao, aliyeshusha magunia yake soko la Jinja. Alisimama bustanini, kofia mkononi.

"Mama yako ameanguka," alisema kwa Kigisu, lugha ya kwao. "Upande mmoja umelala, na ulimi umekufa. Neno moja tu linaeleweka, nalo ni jina lako. Njoo upesi."

Semei akamwonea huruma, akatazama pembeni, na kwa kuwa tumbo lilikuwa likimsumbua akanyoosha mkono achume jani la mululuza. Kwenye bomba wanawake walikuwa wameacha kuteka maji, wanaangalia. Nandutu akaupiga ule mkono kabla hajafikiri.

"Wacha! Mkono iliyopanda ndiyo inachuma!" alisema kwa Kiswahili, ili wasikie.

Semei alirudisha mkono kama aliyeungua. "Hata mti wa mama yako, kule nyumbani?"

Wanawake walikuwa wametega masikio. "Hata ule," akajibu. "Mti ni ule ule."

Akamchumia yeye mwenyewe. Semei akaondoka ameyashika majani yale kwa heshima kubwa.

Gaster aliposikia habari za mama mkwe alisikitika kweli, lakini akasema, "Kwanza uliza Mama Conrad." Nandutu akaenda. Gorreti alikuwa barazani, mtoto mapajani.

"Uende Mbale? Na hii ngozi ya Conrad? Ngoja ikauke."

"Mama yangu hawezi kungoja. Janepher wa jirani atakuwa anakuchumia."

"Si wewe mwenyewe ulisema mkono ingine inaharibu?"

Nandutu akapiga moyo konde. "Nilisema uongo, Mama Conrad. Mtu yeyote anaweza kuchuma."

Gorreti akaacha kutabasamu. "Umenidanganya huo wakati wote, mtoto yangu ndani ya maji yako? Ama unadanganya sasa ndiyo uende? Sema moja, nimpelekee afande."

Akilini Nandutu akamwona Gaster amebeba godoro kichwani, anatoka langoni mwa kambi. Ukweli ulikuwa umemfika mdomoni, akaumeza.

"Ya sasa ndiyo uongo," alisema. "Nisamehe. Namlilia mama yangu."

"Najua," Gorreti akasema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Nandutu kuliko tusi. Alirudi nyumbani akiwa amejaa chuki: kwa Gorreti, kwa Gaster, kwa kila jani lililokuwa likichanua bustanini. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe. Kambi nzima ilimshika kwa maneno yake, na kila aliyegonga mlango na sukari alikuwa anaongeza kufuli.

Alilia, kisha akafikiri. Kama mkono uliopanda ndio unaochuma, basi kila mtu si apande wake? Jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yake siku zote. Hakulitaka kwa sababu wakishapanda wao, nani tena atamletea sukari?

Asubuhi akamwita Gorreti bustanini. "Mama Conrad, mkono ya mama wa mtoto inashinda yangu." Gorreti, ambaye hakuwa ameshika udongo tangu aondoke kwao kaskazini, akachutama, akakichomeka kipandikizi cha mululuza kwa vidole vyenye kucha za rangi, akacheka kama msichana. Hajara naye akaomba. Janepher akaomba. Kufika saa ya chakula, nyuma ya kila nyumba palikuwa na kijiti kimesimama.

Lakini kijiti hakina haraka. Nandutu alikwenda kukitazama cha Gorreti asubuhi na jioni, nacho kikakaa vile vile, kikavu kama ufito. Alikimwagia maji. Alikisemesha kwa Kigisu, akakibembeleza, akakitukana. Mvua za mwanzo zikanyesha. Kule milimani mvua huanza mapema zaidi, na hulowesha hasa. Aliota mama yake anamwita kutoka ng'ambo ya ukuta, naye hana mlango.

Hatimaye vikatokeza vijani viwili, kisha tawi. Gorreti akachuma mwenyewe, akamwogesha Conrad mwenyewe, na mtoto hakudhurika. "Nenda sasa," alisema, tena akampa kitambaa kipya cha kumpelekea mgonjwa.

Nandutu alishuka Mbale mvua ikinyesha, akapanda mlima kwa miguu, kitambaa kifuani. Uani alimkuta Nabifo, mama yake mdogo, ameloa chapachapa. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wamebeba mkeka, na juu ya mkeka alikuwa mama yake, maji yakimchuruzika usoni.

"Mnatoka naye wapi?" Nandutu alipiga kelele. "Mvua yote hii!"

"Bustanini," Nabifo akasema, anahema. "Homa haimwachi, anataka mululuza, na mululuza ni wake, alipanda yeye. Semei alitueleza yote uliyosema. Kwa hiyo kila siku tunamtoa achume. Mwanzo aliweza kwa mkono mzima. Sasa hana nguvu, tunamshika vidole tunavifunga kwenye jani."

"Na yeye... anakubali?"

"Anatikisa kichwa sana. Anaguna, anataka kusema kitu. Tunajua ni maumivu, masikini."

Nandutu akamtazama mama yake. Mama aliyemfundisha kuchuma, aliyewaachia majirani wote wajichumie wanapopita, alikuwa anamtazama kwa macho makavu, yenye akili zake zote.

Akaenda moja kwa moja kwenye mti, akavunja tawi zima.

"Usiguse!" Nabifo akalia. "Utaigeuza dawa!"

"Haigeuki, mama mdogo. Chuma wewe, achume Semei, achume yeyote. Hakuna cha mkono uliopanda. Nilitunga mimi, ili wasiniibie majani."

Nabifo aliliangalia tawi, akaangalia nguo za dada yake zilizogandamana na mbavu, na kifua kile kilichokuwa kinakoroma tangu juzi.

"Sasa," aliuliza polepole, "sisi tulikuwa tunamtoa kwenye mvua kwa nini?"

Juu ya mkeka, mama yake Nandutu aliacha kutikisa kichwa, akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vya kijani mpaka kwenye kucha. Nandutu akapiga magoti, akaanza kumvua nguo zilizolowa.