Mwito wa Tatu

Saa sita mchana redio ya kambi ya wachimba visima ilikwaruza, kisha ikaita. "Dada."

Mwendesha redio alidaka kisemeo. Ilikuwa siku ya pili tangu mdogo wake, dereva wa lori la mabomba, apotelee milimani. Kabla hajabonyeza, mkono wa msimamizi ulitua juu ya wake.

"Subiri, binti yangu. Milima ile ina wenyewe."

Kila mchimba visima aliijua habari hiyo. Waliokufa kwa kiu kwenye milima ile ya jangwa huiga sauti ya ndugu yako, ukiwaitika, umekwenda. Lakini mzimu huita mara mbili tu, pumzi ya tatu hana. Ndiyo maana kambini hakuna aliyeitika kabla ya mwito wa tatu, hata akiitwa kula. Wageni waliwacheka: "Viziwi hawa, mpaka chakula kipoe!"

"Dada. Maji yameisha."

Wa pili huo. Wakasubiri. Redio ilichemka kama mafuta kikaangoni. Dakika tano. Kumi. Msimamizi akawa anaifinyanga kofia yake kwa mkono mwingine.

"Baba, mzimu ataishiwaje na maji?"

 Mzee akaondoa mkono.

"Mdogo wangu, nakusikia! Uko wapi?"

Kimya.

"Nijibu, we mtoto!"

Kimya. Hapo ndipo alipokumbuka. Ni yeye mwenyewe aliyemfunda, siku yake ya kwanza kazini, akiwa amemshika sikio: milimani usimwitike mtu, hata mimi, mpaka nikuite mara tatu.

"Mdogo wangu!" alipiga kelele.

"Dada..." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Hiyo ni ya tatu?"

"Ya tatu! Ya tatu, mwanangu!"

"Yangu ya tatu... nilizirai. Betri inakufa. Niko kwenye korongo la..."

Mchemko ukarudi peke yake. Akaita tena mara tatu, na tatu nyingine, mpaka sauti ikamkauka. Milima ile ina makorongo kumi na tisa.

Msimamizi alivaa kofia, akanyanyua madumu mawili ya maji.

"Kaa hapa. Nitamwita mimi."

"Hatakuitika, baba. Anasubiri mimi nimwite mara tatu."

Mzee akainamisha kichwa. "Basi panda."

Alipanda nyuma ya gari, akasimama ameshika vyuma. Injini haijawaka bado, milima iko mbali vile, naye alikwisha kuanza kuita.