Miwani Iliyobaki Msumarini

Domitila wa Mbekenyera alikuwa na mikorosho themanini na miwani moja ya kukinga macho wakati wa kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Alimnunulia binti yake Felomena, pamoja na barakoa, msimu ule binti alipomsaidia shambani. Mwaka huu Felomena alipata kazi ya kubangua korosho Nachingwea, kwenye kiwanda kidogo cha mtu. Miwani ikabaki msumarini, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isipate vumbi.

Kazi ya kupulizia akapewa kibarua, Uwesu. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Uwesu alibeba mashine mgongoni, kipande cha kanga puani, macho wazi.

"Macho hayakuwashi?" Domitila alimwuliza siku ya tatu, alipomwona anayafikicha.

"Macho ya Kimakonde haya, mama. Salfa ndiyo inaniogopa."

Domitila akacheka, akampa maji ya kunawa. Miwani aliikumbuka. Akaona ni ya mtoto, kibarua ataikwaruza bure.

Jumamosi jumuiya ilisali kwake. Wiki hiyo walikuwa kwenye mafundisho ya Kanisa juu ya kazi, na yeye ndiye mwenyekiti, akayaeleza vizuri kweli. "Tajiri akikupa kazi hajaununua mwili wako," alisema. "Wewe ni mtu kwanza, kazi baadaye." Watu wakaitikia.

Hawajamaliza sala, bodaboda ikasimama uani. Felomena akashuka, mikono kaikumbatia kifuani. Vidole vilikuwa vimebabuka, ngozi inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mafuta ya ganda la korosho hayo, huunguza ngozi.

"Glavu hawakukupa?"

"Zipo, mama. Bosi kazifungia kabatini. Anasema ni za ndugu zake, sisi vibarua tutazichana."

"Ana roho gani mtu huyu!" Domitila alisimama. "Kesho tukodi gari, jumuiya nzima, tukamwambie usoni!"

Wote wakasema twende. Aurelia, jirani yake wa shamba, akakunja leso yake kwanza.

"Twende, dada. Lakini akituuliza Uwesu anavaa nini, atajibu nani?"

Domitila akaingia ndani, akaitoa miwani kwenye mfuko, akaenda nayo kwa Uwesu kwa miguu.

Alimkuta jamvini. Mkewe, Amna, alikuwa anamkanda jicho la kushoto kwa kitambaa cha maji. Tangu jana lilikuwa linaona ukungu tu.

"Nimekuletea hii," Domitila alisema.

Uwesu aliipapasa. "Ahsante, mama. Sasa tukate katikati. Mimi kioo kimoja kinanitosha."

Amna hakucheka.

Gari walilolikodi lilimpeleka Uwesu hospitali. Daktari alisema kovu limeshakaa kwenye jicho, wangewahi lingetibika. Nachingwea walikwenda wiki ya pili, watu sita na Uwesu wa saba.

Tajiri aliwasikiliza akiwa amekaa. "Nyie wenye mikorosho," akauliza, "vibarua wenu mnawavalisha nini?"

"Mimi sikumvalisha kitu," Domitila akasema. "Miwani nilikuwa nayo, nikamwekea binti yangu. Uwesu, vua, akuone."

Uwesu akavua miwani. Tajiri alilitazama lile jicho, akautazama mlango wa kule wanakobangua. Kisha akaanza kupekua mifuko, anatafuta ufunguo wa kabati.