Mpira Uliompata Seon-hwa

Kwa miaka mingi hakuna aliyemwogopa Noh Mi-ran uwanjani. Katika kilabu cha tenisi cha asubuhi cha wakazi wa maghorofa yao, mjini Jeonju, pigo lake la mbele lilikuwa kichekesho. Wenzake walipiga mpira ukalia, yeye aliusukuma tu ukaenda ukipepea juu ya wavu, na aliyekuwa ng'ambo akapata muda wa kurekebisha kofia kabla ya kuurudisha.

"Mi-ran, huo mpira umeupiga au umeuaga?" Pyo Seon-hwa alizoea kumwuliza, na wote wakaangua kicheko, Mi-ran akiwa wa kwanza.

Seon-hwa alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki, mjane, mkubwa wa Mi-ran kwa miaka kadhaa, na hapo kilabuni wavu ulikuwa wake. Akishasimama pale mbele, mpira haupiti. Ndiye aliyemwingiza Mi-ran kilabuni alipokuwa mgeni asiyemjua jirani hata mmoja. Na majira ya kuchipua yalipoanza, ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa Kocha Tak.

"Nimechoka kumcheka," alimwambia kocha. "Mfundishe."

Kocha Tak hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama Mi-ran akipiga, akatikisa kichwa. "Mama Ji-u, unausubiri mpira mpaka ukufikie tumboni. Ukute huko mbele. Geuza bega kwanza, mkono utafuata wenyewe. Na hiyo raketi umeikaba kama unanyonga kuku. Legeza!"

Mi-ran alilegeza. Aligeuza bega jikoni akisubiri wali uive, akageuza bega kwenye lifti, mpaka mumewe akamwuliza kama shingo inamsumbua. Kisha asubuhi moja sauti ikabadilika. Mpira ulitoka ukilia, ukapita chini karibu na wavu, ukachimba udongo kwenye kona kabisa. "Huo ndio," kocha alisema. Mi-ran alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtoto.

Juni walicheza wawili kwa wawili. Seon-hwa alikuwa upande wa pili, wavuni. Mpira mfupi wa juu ukamjia Mi-ran. Seon-hwa, kwa mazoea ya miaka, alisogea mbele zaidi, raketi imeshuka chini, tabasamu la utani tayari mdomoni. Mi-ran aliliona lile tabasamu. Bega lilikuwa limeshageuka, na mkono ukaja wenyewe.

Mpira ulimpata Seon-hwa jichoni. Alikaa chini taratibu, akafunika jicho la kulia kwa viganja vyote viwili, akasema, "Aa, sioni. Mi-ran, sioni kitu."

Hospitalini daktari alisema damu imevujia ndani ya jicho. Alale kichwa kikiwa juu, asiiname, asikohoe kwa nguvu. Damu ikivuja tena, jicho linaweza kupotea. Mi-ran aliyasikia hayo akiwa amesimama mlangoni, bado amevaa viatu vyenye udongo wa uwanjani.

Siku zilizofuata hofu haikumwachia nafasi. Simu ikilia, anasita kuipokea. Anawaza: damu imevuja tena. Alipika uji wa mchele wenye abaloni, konokono wa baharini, akaupeleka wodini, lakini alimkabidhi muuguzi akakimbilia ngazi, kwa kuogopa kuliona lile jicho. Alfajiri alishtuka kitandani akisikia mlio wa mpira, ule ule aliokuwa akiufurahia.

"Ilikuwa ajali," mumewe alimwambia. "Hata yeye anajua."

"Nilimwona, Baba Ji-u. Nilimwona yuko pale, nikapiga."



Damu haikuvuja tena. Ilikauka polepole, na Seon-hwa akarudi nyumbani. Anaona, ila mboni ya jicho lile ilibaki imetanuka, haisinyai hata kwenye mwanga mkali. Alivaa miwani ya jua hata sokoni. Mi-ran alipokwenda kumwomba radhi hatimaye, alipiga magoti mlangoni, kichwa chini.

"Inuka, unanipa aibu mbele ya majirani," Seon-hwa alisema. "Ingia. Mbona ule uji wako wa hospitalini haukuwa na chumvi?"

Walikunywa chai ya shayiri. Habari za mpira hazikuguswa.

Mwishoni mwa kiangazi Kocha Tak alimwita tena uwanjani. Mi-ran alikwenda, na mkono ukakataa. Peke yake aliweza. Akisimama mtu wavuni, raketi inakuwa nzito, kidole kinakufa ganzi, mpira unaishia kwenye wavu au unapaa nje ya uzio. Kocha alijaribu hili na lile bila mafanikio. Mi-ran akafungasha vitu vyake na kusema hatarudi.

Asubuhi iliyofuata Seon-hwa aligonga mlango wake, amevaa nguo za michezo na miwani mikubwa ya kukinga macho.

"Chukua raketi."

"Dada, sitaki."

"Mimi ndiye niliyepigwa, wewe ndiye unayeugua! Chukua raketi, twende."

Uwanjani Seon-hwa alikwenda moja kwa moja wavuni. Kocha alimrushia Mi-ran mpira. Ukaishia wavuni. Mwingine, wavuni.

"Unaniaga tena?" Seon-hwa alifoka. "Piga!"

Ndipo Mi-ran akamwangalia vizuri, akaona magoti yake yanatetemeka. Mdomo ulikuwa ukitukana, lakini raketi aliyoinua mbele ya uso ilikuwa inacheza mkononi, na uso wote ulikuwa umelowa jasho ingawa jua halijapanda.

"Dada, unaogopa."

"Nani anaogopa? Piga, we mpumbavu!"

Mpira ukaja. Mi-ran aligeuza bega. Safari hii alichagua pa kupeleka mpira, mbali kabisa upande wa kushoto, akauachia. Ukalia. Ukapita mbali na Seon-hwa.

Seon-hwa alikuwa amechuchumaa, raketi imedondoka, mikono kichwani. Hakuinuka upesi. Mi-ran alivuka wavu mbio, wakakaa wote wawili kwenye udongo, na yule mama aliyekuwa hapitwi na mpira akalia kwa kwikwi.

"Siwezi tena," alisema. "Nilidhani nikikusimamia wewe, nami nitaweza. Siwezi kusimama hapa mbele, Mi-ran."

"Basi usisimame. Tusimame wote nyuma."

Kocha Tak aliokota mipira bila kuwatazama.

Tangu siku hiyo Seon-hwa anacheza nyuma, na anacheza vibaya, maana mapigo ya mbali hakuyajua kamwe. Anajifunza kwa Kocha Tak, na anakemewa kwa kukaba raketi. Mi-ran pigo lake limekaa sawa, vijana wanaliheshimu. Lakini mtu yeyote akisogea wavuni, kabla hajapiga huwa anapaza sauti: "Inua raketi wewe! Inua!" Wageni humcheka. Wenyeji huinua.